Karatu, Wasema Kweli?

Vyuo vilikuwa vitano. Cha Mombasa ndicho kilichoshika saa, na mwongozaji wake, mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliwauliza wenzake wanne kwa zamu kabla ya kurusha roketi kama wako tayari. Kigoma waliulizwa mara moja. Bukavu mara moja. Zanzibar mara moja, tena kwa utani wa kijirani. Ikifika zamu ya Karatu, yule mama alikuwa na maswali mawili. "Karatu, tayari?" Martini, msemaji wa Karatu, akijibu tayari, kimya kidogo kilipita kwenye spika, kisha la pili likaja, taratibu, na adabu zote za pwani zikiwa mahali pake: "Karatu, wasema kweli?"

Hilo la pili ndilo lililomnyima Martini raha. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, mwenyekiti wa jumuiya kule Rhotia, anaulizwa mbele ya nchi tatu kama mtoto anayeulizwa kama kweli amenawa mikono. Alikuwa tayari kuvumilia maumivu ya mgongo, alikuwa tayari kuvumilia vijana wa chuo wanaokula karanga kwenye kibodi, lakini alitaka sana, kuliko alivyopenda kukiri, kuulizwa mara moja kama wenzake.

Tuseme ukweli, alijitakia mwenyewe.

Roketi yenyewe haikuwapo popote, na asiyeelewa hilo mapema atapata tabu kama aliyoipata Brigita, mke wa Martini, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akikatiza palizi ili atazame juu. Ilikuwa roketi ya kwenye kompyuta, iliyogawanywa vipande kama ng'ombe wa sherehe. Kigoma walichukua chombo chenyewe na injini zake. Bukavu walichukua hali ya hewa, mvua na upepo. Zanzibar walikuwa na rada za kukifuatilia chombo kikishapaa. Karatu walipewa kiwanja cha kurushia: matangi ya mafuta, maji ya kupoza, na kazi ya kuhakikisha kwamba chini ya njia ya roketi hakuna mtu wala mfugo. Hakuna chuo kilichoweza kuchungulia ndani ya kompyuta ya mwenzake. Walitumiana habari tu kwa mtandao, na saa ya zoezi, iliyokuwa moja kwa wote, haikusogea mpaka kila kompyuta iseme imemaliza hatua yake. Lengo lilikuwa kwamba siku nchi hizi zikijenga kiwanja cha kweli, pasiwe na haja ya kuanza kuulizana kazi inafanywaje.

Martini aliingia humo kwa sababu ya sauti. Alikuwa dereva wa watalii, na miaka yake yote ya nguvu aliimalizia kwenye barabara ya kushuka shimoni Ngorongoro, mpaka barabara ile ikamharibia mgongo. Daktari akamwambia usukani basi. Akakaa nyumbani akawa anamfuata Brigita kutoka jikoni hadi zizini na kutoka zizini hadi jikoni akimpa ushauri, mpaka Brigita mwenyewe akaenda kwa Mwalimu Bartolomeo, mkuu wa chuo cha ufundi kilicho nyuma ya kanisa, akamwomba amtafutie huyu mzee kitu cha kufanya. Mwalimu Bartolomeo alikuwa anatafuta mtu wa kukalia kiti cha msemaji wa kiwanja. Na nani Karatu nzima asiyeijua sauti ya Martini? Madereva wote waliisikia kwenye redio za magari: nzito, tulivu, sauti ya mtu ambaye hata tairi likipasuka anakuomba radhi kwanza.

Shida ni kwamba sauti ile ilikuja na tabia zake. Udereva wa watalii una maadili yake. Mgeni akiuliza kama ataona faru, humwambii hapana. Humwambii hata sijui. Unamwambia, "Tusogee kidogo pale mbele." Akiuliza kama chakula kiko tayari, unasema kiko tayari, na mpishi akisikia hivyo ndipo anapowasha mkaa. Hakuna anayeuita huo uongo. Ni namna ya kumtuliza mtu mpaka jambo lenyewe lifike, na mara nyingi hufika. Martini alikuwa fundi wa kazi hiyo, na barua za shukrani alizoandikiwa na wageni zingeweza kujaza kabati.

Basi kwenye jaribio la kwanza, tangi la mafuta lilikuwa bado halijajaa. Martini aliliona. Akapiga hesabu ya kidereva: mpaka huyu mama amalize kuuliza wote, mpaka washukuriane, mpaka waanze kuhesabu, tangi litakuwa limejaa. Akasema, "Tayari kabisa, hakuna shida." Mombasa wakamwamini. Roketi ikapaa vizuri, ikayapita mawingu ya Bukavu, kisha ikaishiwa mafuta angani na kuanguka baharini. Kigoma, ambao walikuwa wameihangaikia ile injini mwaka mzima, walizima kipaza sauti chao. Bukavu walicheka, halafu wakaomba radhi kwa kucheka.

Tangu siku hiyo swali moja likawa mawili. Na Karatu si mji wa kuacha kitu kama hicho kipite. Vijana wa bodaboda walilisikia kutoka kwa wanafunzi, wauza mboga wakalisikia kutoka kwa bodaboda, na kabla ya wiki kwisha Martini alikuwa hapiti sokoni bila kusalimiwa mara mbili.

"Mzee Martini, shikamoo."

"Marahaba."

"Wasema kweli?"

Alicheka nao. Angefanya nini? Lakini Mwalimu Bartolomeo hakucheka. Alimwita ofisini akamwambia kwa upole, akiwa anaipanga upya kalamu moja iliyokuwa tayari imepangwa, "Baba Joseph, kile kiti napenda ukikalie wewe. Lakini likitokea tena nitampa mwingine. Wageni wa Dodoma wanakuja kuona zoezi kubwa, na sitaki roketi nyingine baharini."

Asubuhi ya zoezi hilo, Brigita alikuwa ameketi nje anachambua maharage. Ukungu ulikuwa haujainuka mashambani, na kuku walikuwa wanamzunguka wakisubiri yale mabovu. Martini alitoka na shati la kola, akasimama.

"Umepiga pasi," Brigita akasema.

"Kuna wageni."

"Wageni hawakuulizi shati." Akarusha harage moja, kuku wakagombana. "Yule mama wa Mombasa bado anakuuliza mara mbili?"

"Bado."

"Ana akili. Mimi nakuuliza mara mbili tangu siku ya posa."

"Siku ya posa nilifanya nini?"

"Ulimwambia baba yangu wazee wako wameshafika Rhotia, wanapanda tu mlima. Walikuwa Kansay, wanatafuta gari. Baba alikaa na suti mpaka jioni." Brigita hakusema kwa hasira, alikuwa anaifurahia hadithi yenyewe, kwa kuwa alishaisimulia mara nyingi na kila mara ilimnogea. "Na siku ya kumzaa Joseph uliniambia uko getini. Ulikuwa shimoni na Wajerumani."

"Nilikuwa nakuja."

"Ulikuwa unakuja, ndiyo. Hukuwa getini."

Martini alimpenda mke wake, na lililomuuma ni kwamba alikuwa anasema kweli tupu.

"Sikiliza, Baba Joseph," Brigita akasema, sasa akimtazama. "Kama bado, sema bado. Neno lenyewe fupi, halina hata mfupa wa kukukwama. Nani atakupiga?"

Alilifanyia mazoezi njiani. Kijana wa bodaboda alipomaliza kumpangusia kiti, akawasha pikipiki na kuuliza, "Twende, mzee?"

"Bado," akasema Martini.

Kijana akazima. Wakakaa. Ng'ombe wa jirani wakavuka barabara bila haraka.

"Tunasubiri nini, mzee?"

"Hatusubiri kitu. Nilikuwa najaribu tu. Twende."

Chuoni hali ilikuwa ya sherehe. Viti vya plastiki vilipangwa mbele ya skrini kubwa, pilau lilikuwa linapikwa uani, na Mwalimu Bartolomeo alikuwa amevaa tai iliyomfanya ashindwe kugeuza shingo. Wageni wa Dodoma walikuwa watatu, watu wazuri wenye tabasamu, na jambo la kwanza walilosema baada ya salamu ni kwamba wana ndege ya kuwahi Manyara.

Aliyekosekana alikuwa Naisula, mwalimu wa kompyuta, binti wa Kakesio aliyeandika programu yote ya kiwanja. Masharti ya zoezi yalitaka kila chuo kiweke kituo kimoja mbali, kwa sababu kwenye kazi ya kweli vituo huwa mbali, na Naisula aliona hakuna mbali kuzuri kuliko kwao. Akachukua kompyuta moja na sola akaenda kukaa kwenye boma la mama yake, huko ndani kabisa ya hifadhi. Ndani ya kompyuta yake walikuwamo wafugaji wa kuigiza na ng'ombe wa kuigiza, wakitembea kwenye malisho ya kuigiza chini ya njia ya roketi. Kazi yake ilikuwa kuwatoa wote kabla ya kurusha, na kuwatumia Karatu habari: eneo lina watu, au eneo ni tupu. Na kwa kuwa mtandao wa Kakesio unajulikana, aliipa kompyuta ya Karatu uvumilivu. Isipopata habari mpya, iendelee kushikilia ile ya mwisho, isianze kupiga kelele kila mtandao unapokohoa.

Martini alimpigia simu mbele ya wageni, akamsalimu kwa Kimaasai.

"Takwenya, Naisula."

"Iko. Shikamoo, mzee. Huku shwari kabisa. Wafugaji wangu wameanza kutoka."

Nyuma ya sauti yake zilisikika kengele za ng'ombe. Mgeni mmoja akainama kuelekea kwenye simu. "Hao ndio ng'ombe wa kuigiza?"

"Hapana, mheshimiwa," Naisula akacheka. "Hawa ni wa mama. Wa kuigiza hawana kelele."

Zoezi likaanza, na kwa muda mrefu likaenda vizuri hata Martini akasahau mgongo. Matangi yalijaa mbele ya macho yake, safari hii mpaka juu. Maji yalikuwapo. Bukavu walileta mvua kidogo, wakaiondoa. Habari ya Kakesio ikaingia, eneo ni tupu, na alama ya tatu kwenye skrini yake ikageuka kijani kama nyingine. Harufu ya pilau ilikuwa inaingia dirishani. Mgeni mmoja alikuwa amekwisha kutoa simu ili apige picha ya roketi ikipaa.

"Nauliza vituo," ikasema sauti ya Mombasa. "Kigoma, tayari?"

"Tayari."

Martini aliipitisha macho skrini yake mara ya mwisho. Kijani, kijani, kijani. Chini ya kile kijani cha tatu palikuwa na maandishi madogo yaliyoonyesha habari ile ilifika lini, na Martini akaona kwamba muda ule haujabadilika tangu alipoutazama mara ya kwanza. Mafuta yalikuwa yanaleta habari kila wakati. Maji vilevile. Kakesio ilikuwa imenyamaza, na ile kompyuta yenye uvumilivu ilikuwa inamwonyesha neno la zamani kana kwamba limesemwa sasa hivi.

Jambo hili dereva yeyote wa Ngorongoro angelijua. Mwenzako anakwambia kwenye redio kwamba faru yuko karibu na msitu wa Lerai. Hukimbilii huko. Unamuuliza kwanza, umemwona saa ngapi? Kwa sababu mwenzako hakudanganyi, ila faru ana miguu.

Akapiga simu ya Naisula. Haipatikani.

"Bukavu, tayari?"

"Tayari, mama."

Mwalimu Bartolomeo alikuwa amemwona akishika simu. Akamsogelea, tai na yote. "Kuna nini?"

"Kakesio wamenyamaza."

"Lakini ni kijani."

"Ni kijani cha tangu muda ule, Mwalimu."

"Baba Joseph." Mwalimu Bartolomeo akashusha sauti, huku akiendelea kuwatabasamia wageni. "Kijani ni kijani. Hawa watu wana ndege. Sema tayari."

"Zanzibar, jirani, tayari?"

"Tayari zamani, twakungojea wewe."

Na hapa ni lazima tumwonee huruma Martini, kwa sababu kila kitu ndani yake kilikuwa kinakubaliana na Mwalimu Bartolomeo. Eneo lilikuwa tupu muda si mrefu uliopita. Kwa nini lisiwe tupu sasa? Naisula angerudi hewani kabla hawajamaliza kuhesabu. Neno tayari lilikuwa limeshakaa mdomoni, limezoea njia, halikuhitaji hata kusukumwa. Wageni wangepiga picha zao, pilau lingeliwa moto, kiti kingebaki chake. Angesema tu tayari, wasogee kidogo pale mbele.

"Karatu, tayari?"

"Bado," akasema Martini.

Kimya kikapita kwenye spika, kirefu kuliko vyote vilivyowahi kupita. Halafu yule mama, labda kwa mazoea, labda kwa kutoamini masikio yake, akauliza, "Karatu, wasema kweli?"

"Kweli. Sina habari mpya ya Kakesio. Sijui kama eneo ni tupu."

Sijui. Miaka yote ile ya kazi hakuwahi kumwambia mgeni neno hilo. Lilimtoka kirahisi, na dari haikuanguka.

"Hesabu imesimama," ikasema Mombasa.

Ikasimama kwelikweli. Kwenye nchi tatu watu walikaa wakitazama tarakimu zisizosogea. Martini alipiga simu mara nyingi kadiri alivyoweza, na kila mara yule dada wa kwenye simu alimwambia jambo lilelile. Wageni walisubiri kwa heshima, kisha wakala pilau kwa heshima, kisha wakatazama saa zao. Mafuta ya roketi ya kuigiza hayasubiri zaidi kuliko ya kweli. Huwa ya baridi kali, na yakikaa tangini yanaanza kupata joto na kugeuka mvuke. Mwishowe Kigoma wakasema chombo chao hakiwezi kusubiri tena, na Mombasa ikatangaza kwamba zoezi limeahirishwa hadi kesho yake. Wageni walimpa kila mtu mkono, wakasema hongereni sana, wakaondoka bila kuona hata moshi.

Vumbi la gari lao lilikuwa bado halijatulia simu ilipoita. Martini akaiweka kwenye spika.

"Mzee, nisamehe," Naisula akasema, akihema. "Ndama wa mama ametafuna waya wa sola. Betri ikaisha, kompyuta ikazima, simu nayo nilikuwa nachajia hapohapo. Nimekwenda mpaka zahanati kuomba umeme. Nimeshaiwasha, nayo imejaza yote iliyokosa."

"Na eneo?" akauliza Mwalimu Bartolomeo.

"Tupu, Mwalimu. Lilikuwa tupu wakati wote."

Mwalimu Bartolomeo akalegeza tai. "Kwa hiyo tungeweza kurusha."

"Kwa bahati, ndiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui, na kompyuta ni yangu."

Mwalimu Bartolomeo alisimama kidogo akitazama sufuria za pilau uani. Akamwambia Martini, "Njoo kesho mapema, tuzungumze," akatoka.

Martini alijua maneno hayo huwa yanamaanisha nini kinywani mwa mkuu wa kazi. Alirudi Rhotia akiwa amekiaga kiti moyoni. Ajabu ni kwamba hakuwa na huzuni aliyoitegemea. Alijisikia mwepesi, kama siku ile alipoambiwa mgongo hauhitaji kupasuliwa. Alimsimulia Brigita yote, wakiwa jikoni, bila kupunguza wala kuongeza, na Brigita akaacha kusonga ugali, mwiko mkononi.

"Ulisema bado? Mbele ya watu wa Dodoma?"

"Mbele yao."

"Na Bartolomeo amekunong'oneza useme tayari."

"Huku anawatabasamia wageni."

"Na eneo lilikuwa tupu."

"Tupu kabisa."

Brigita alianza kucheka polepole, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Maskini mume wangu. Siku uliyoamua kusema ukweli, ukweli wenyewe haukuwa na kazi." Halafu akasonga ugali kwa nguvu mpya, na baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Kesho nakuja na mimi. Nataka kukiona hicho kiti kabla hawajakuondoa."

Kesho yake Mwalimu Bartolomeo alikuwa mlangoni bila tai. Alimwamkia Brigita, akamtafutia pa kukaa, kisha akamvuta Martini pembeni.

"Jana nilikwambia useme tayari."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimelala vibaya." Alijikuna shingo. "Nilikuwa nawaza, kama lingekuwa la kweli. Kama wangekuwapo watu kule chini, na mimi na ile ndege ya wageni." Hakumaliza. "Sasa Naisula amebadilisha programu. Habari ikizeeka, alama inageuka njano. Anasema hata yeye angependa kuambiwa. Kakae kwenye kiti chako, Baba Joseph. Na ndama amefungwa."

Kwa hiyo kiti kilibaki chake, na hilo lilimfurahisha kuliko alivyoonyesha. Lakini alipokikalia na kuisikia sauti ya Mombasa kwenye spika ikiwaamkia watu, akalikumbuka lile swali la pili. Jana alikuwa amesema kweli, na bado ameulizwa mara mbili. Kama hata bado yake ilihitaji kuhakikishwa, basi hakuna neno lililobaki. Akajiambia ni sawa. Mtu anaweza kuishi akiulizwa mara mbili, Brigita amemuuliza hivyo tangu posa na wamezeeka pamoja.

Hapakuwa na wageni. Walikuwapo wanafunzi na pilau la jana lililopashwa moto, na Brigita kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akiitazama skrini kama mtu aliyekuja kumchunguza mkwe. Matangi yakajaa. Maji yakawa sawa. Naisula akaleta habari, akaleta tena, na tena, na muda ulioandikwa chini ya kijani cha tatu ukawa unasogea kama inavyotakiwa.

"Nauliza vituo. Kigoma, tayari?"

"Tayari."

"Bukavu, tayari?"

"Tayari, mama."

"Zanzibar?"

"Tayari. Leo usitucheleweshe."

"Karatu, tayari?"

Martini alitazama skrini mstari kwa mstari. Hakuharakisha. "Tayari," akasema, akavuta pumzi kwa ajili ya lile la pili.

"Vituo vyote tayari," ikasema Mombasa. "Mombasa tayari. Saa inaendelea. Kumi. Tisa."

Martini alikuwa ameshafungua mdomo. Jibu la pili lilikuwa limepangwa, na ulimi wa mtu aliyezoea haurudi nyuma kirahisi. "Kweli, tayari," akasema, katikati ya nane.

Zanzibar wakaangua kicheko. Kigoma nao. Brigita alijifunika mdomo na kanga, na Martini akahisi uso mzima unawaka. Mwongozaji akakatiza hesabu, na aliposema, sauti yake ilikuwa na tabasamu ndani.

"Nimekusikia, Karatu," akasema. "Nimekusikia tangu mara ya kwanza."

Akaendelea kuhesabu.